Sindano, Uzi na Habari za Wazazi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Fungu la Historia. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa.

Natumaini mmekwisha kuketi, na kiongozi wa darasa amewagawia karatasi na kalamu. Leo ziwekeni kando kwanza. Tutazihitaji mwisho wa somo. Kwa sasa nawaomba masikio tu.

Nitaanza na jambo lililonipata mwenyewe. Siku moja nilikwenda kukagua darasa la watu wazima. Somo lilipokwisha, mama mmoja mzee, wa umri wa bibi yangu, alinijia akaniambia: “Mwanangu, nyinyi mnatufundisha habari za wafalme na vita. Mimi nami nimeona mambo mengi katika maisha yangu. Lakini kalamu nimeishika uzeeni, na mkono unatetemeka. Kabla sijajua kuandika vizuri nitakuwa nimekwisha kufa, na yote niliyoyaona nitazikwa nayo.”

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia tu, “Usikate tamaa, bibi,” nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu. Lakini maneno yake yalinifuata njia nzima. Somo la leo ndilo jibu langu kwake, ingawa nimechelewa kulileta. Ni habari za mwanamke aliyeona mambo makubwa na ya kutisha, wala hakuyaandika kwa kalamu kwanza. Aliyaandika kwa sindano.

JINSI MAMBO YALIVYOKUWA

Kwanza hatuna budi kujua mambo yenyewe. Katika mwaka wa 1933 mtu mmoja aliyeitwa Adolf Hitler alishika serikali ya Ujerumani. Yeye na chama chake cha Nazi walifundisha kwamba Wayahudi si watu kama watu wengine, bali ni adui wa taifa. Wayahudi walikuwa wameishi Ulaya kwa mamia ya miaka. Walikuwa mafundi, wafanya biashara, walimu, waganga, wakulima, matajiri na maskini, kama watu wo wote wengine.

Ubaya ule haukuanza kwa kuua. Ulianza kwa maneno, magazetini na katika mikutano. Kisha zikaja amri. Wayahudi walifukuzwa katika kazi za serikali. Mwaka wa 1935 zilitungwa sheria zilizowanyang’anya uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Mwezi wa Novemba, 1938, masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yalichomwa moto, na maduka yao yakavunjwa. Watu wengi walitazama wakanyamaza. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ule haukuzibwa.

Tarehe 1 Septemba, 1939, majeshi ya Ujerumani yaliingia Poland, na Vita Kuu ya Pili ikaanza. Huko Poland walikuwako Wayahudi zaidi ya 3,000,000. Serikali ya Nazi iliwafungia wengi wao katika mitaa iliyozungukwa na kuta, wakafa kwa njaa na maradhi. Baadaye ilijenga makambi ya kuulia watu, ikawasafirisha huko kwa magari ya moshi kutoka nchi nyingi za Ulaya. Mpaka vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Wayahudi wapatao 6,000,000 walikuwa wameuawa. Katika hao, watoto walikuwa yapata 1,500,000. Mambo hayo ndiyo tunayoyaita Maangamizi Makuu ya Wayahudi. Watu wengine pia waliuawa na serikali ile, kama Waroma, wagonjwa wa akili, na wafungwa wa vita.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nimewatajia milioni sita. Je, mmeiona milioni sita machoni penu? Hata mimi sijaiona. Hesabu kubwa hupita sikioni kama upepo. Lakini nikiwaambia habari za nyumba moja, yenye baba, mama na watoto watano, kila mmoja wenu ataiona, maana kila mmoja ametoka katika nyumba. Basi twendeni katika nyumba moja.

NYUMBA YA MNISZEK

Katika kijiji cha Mniszek, huko Poland, alizaliwa msichana mwaka wa 1927. Jina lake Esther Nisenthal. Walikuwa watoto watano: Esther, kaka yake Ruven, na wadogo zake wa kike, Mania, Chana na Leah. Esther alijifunza kushona tangu angali mdogo.

Mwezi wa Septemba, 1939, Esther akiwa na umri wa miaka 12, askari wa Ujerumani walifika kijijini. Walisimama mbele ya nyumba ya babu yake. Wakamtoa nje mzee yule, wakamkata ndevu zake, na bibi yake akawa analia kwa sauti. Mzee wa Kiyahudi mwenye dini hufuga ndevu kwa heshima ya Mungu wake. Kwa hiyo kukatwa ndevu mbele ya wajukuu kulikuwa ni kuvuliwa heshima yake yote. Mtoto yule alitazama, wala hakusahau.

Miaka mitatu ikapita katika kazi za kulazimishwa na hofu. Kisha ikaja amri kwamba tarehe 15 Oktoba, 1942, Wayahudi wote wa sehemu ile waondoke majumbani mwao, waende kwenye stesheni ya gari la moshi katika mji wa Kraśnik. Esther alikuwa na miaka 15. Akawaambia wazazi wake kwamba yeye hatakwenda. Moyo wake ulimwambia kwamba njia ile haina kurudi. Alimchukua Mania, mdogo wake, wakaagana na baba, mama, kaka na wadogo zao pale barabarani. Wengine wakashika njia ya Kraśnik. Wasichana wale wawili wakashika njia yao. Hawakuwaona tena jamaa zao, hata mmoja.

Kwanza walikwenda kwa rafiki wa baba yao, lakini hawakuweza kukaa huko, kwa kuwa walijulikana. Wakaenda mbali zaidi, mpaka kijiji cha Grabówka, mahali wasipojulikana. Huko walijisingizia kuwa ni wasichana Wapolandi Wakatoliki waliopotelewa na jamaa zao katika vita, wakabadili na majina yao. Mzee mmoja mkulima alimchukua Esther amfanyie kazi shambani. Mania naye alipata kazi kwa watu wengine kijijini. Kila siku ilikuwa siku ya hatari. Neno moja tu likikosewa, mauti.

Siku moja Esther alikuwa bustanini, karibu na mizinga ya nyuki. Askari wa Ujerumani wakaja wakaanza kumsemesha. Mara nyuki wakatoka wakawazunguka askari wale, nao wakaondoka. Mambo kama hayo mtu akikuhadithia waweza kudhani ni hadithi ya sungura na fisi. Lakini yalimpata yeye mwenyewe, na nyuki wale hakuwasahau maisha yake yote.

Mwezi wa Julai, 1944, majeshi ya Urusi yalifika, na wasichana wale wakawa huru. Esther alipotafuta habari za jamaa zake hakupata ila kimya. Vita vilipokwisha alikaa katika kambi ya wakimbizi huko Ujerumani, akaolewa na Max Krinitz, Myahudi mwenziwe. Katika mwaka wa 1949 wakahamia Marekani.

MAMA ALIYECHORA KWA NGUO

Huko Marekani Bibi Esther alizaa mabinti wawili, Bernice na Helene. Akawa anawahadithia habari za Mniszek, kama mama zetu wanavyotuhadithia habari za zamani huku wakipika au wakichambua mchele. Lakini alikuwa na jambo moja lililomsumbua. Mabinti zake walijua majina ya babu na bibi, mjomba na mama wadogo, lakini hawakupata kuiona nyumba ile, wala mto ule, wala sura za watu wale. Alitaka wavione.

Bibi Esther hakuwa mchoraji. Hakusoma shule ya uchoraji hata siku moja. Lakini kushona alijua. Basi katika mwaka wa 1977, akiwa na miaka 50, alitwaa kitambaa, sindano, nyuzi za rangi na vipande vya nguo, akashona picha ya nyumba yao ya Mniszek. Akaishona pamoja na watu wake, na mashamba. Kisha akashona ya pili, akiogelea mtoni na kaka yake. Angalieni hapo, ndugu zangu. Hakuanza na askari wala vifo. Alianza na nyumbani, na furaha ya utoto.

Baadaye ndipo aliposhona mambo yale mengine. Alishona babu yake akikatwa ndevu. Alishona asubuhi ile ya kuagana barabarani. Alishona nyuki na askari. Na chini ya picha alishona maneno, herufi moja moja kwa uzi, kueleza kilichotokea na mwaka wake. Alifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 20, na jumla ya picha zake ni 36. Aliaga dunia mwaka wa 2001.

Mtu akizitazama picha zile kwa mbali huona nguo nzuri yenye maua, miti na anga la buluu. Akisogea karibu huona bunduki. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kweli. Siku watu walipopelekwa kuuawa, maua hayakuacha kuchanua, na jirani alikuwa akikama ng’ombe wake kama kawaida.

Baada ya kifo cha mama yao, mabinti wale hawakuzikunja nguo zile na kuzifungia sandukuni. Mwaka wa 2003 waliunda chama kiitwacho Sanaa na Kumbukumbu, wakazionyesha picha katika majumba ya makumbusho na kuwafundisha vijana kwa njia yake. Kilitolewa kitabu mwaka wa 2005, na filamu mwaka wa 2011. Wanafunzi waliofunzwa kwa picha hizo huambiwa warudi nyumbani, wakawaulize wazee wao habari zao, kisha wazitie katika kitambaa au karatasi.

SANDUKU MBILI

Nina habari nyingine fupi. Ni habari ya mwalimu ambaye hakupona.

Friedl Dicker-Brandeis alizaliwa Vienna, Austria, mwaka wa 1898. Alikuwa fundi wa uchoraji. Mwezi wa Desemba, 1942, alipelekwa katika mji wa Terezín, ambao Wajerumani waliufanya gereza la Wayahudi. Kila mtu aliruhusiwa mzigo mdogo tu. Yeye alijaza vifaa vya kuchorea. Huko Terezín aliwakusanya watoto akawafundisha kuchora, kwa karatasi zo zote zilizopatikana. Watoto walichora vipepeo, nyumba, meza yenye chakula, na pia vitanda vya gerezani na walinzi.

Mwalimu huyu aliwataka watoto waandike majina yao juu ya picha zao. Fikirini jambo hilo. Wakubwa wa gereza waliwahesabu watoto wale kama namba. Mwalimu akawaambia, andika jina lako. Nyinyi mnaojifunza kuandika sasa mwajua furaha ya siku ya kwanza mtu anapoandika jina lake mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba, 1944, Bibi Friedl alipelekwa kambi ya Auschwitz akauawa. Wengi wa wanafunzi wake pia waliuawa. Lakini kabla ya kuondoka aliziweka picha katika sanduku mbili za safari, zikafichwa. Zilipona. Leo picha za watoto zipatazo 4,500 zimehifadhiwa katika makumbusho ya Kiyahudi ya mji wa Praha, nchi ya Cheki. Kwa watoto wengine, karatasi ile yenye jina ndiyo alama pekee iliyobaki kuonyesha kwamba waliishi.

TUFUNDISHEJE?

Sasa nawageukia nyinyi mlio wazazi, na nyinyi mtakaokuwa walimu wa wenzenu. Huenda siku moja mtoto atakuuliza, “Baba, Maangamizi Makuu ni nini?” Au atakuuliza habari za machungu ya nyumbani kwenu wenyewe. Utafanyaje? Mimi nawashauri mambo manne.

La kwanza, anza na maisha, usianze na mauti. Fanya kama Bibi Esther. Mtoto aone kwanza nyumba, mto na kaka anayeogelea. Akikwisha kuwapenda watu wale, ndipo atakapoelewa hasara yake. Ukianza na maiti, ataogopa tu au atazoea, na yote mawili ni mabaya.

La pili, mpe mtoto picha aitazame kimya kabla hujamweleza. Muulize, “Unaona nini? Nani yuko wapi? Kwa nini huyu amekwenda huku na wale kule?” Macho yake yatauliza maswali ambayo wewe hukuyafikiria.

La tatu, usimwambie mtoto ajifanye yeye ndiye aliyekuwa kambini. Walimu wengine hufanya mchezo wa namna hiyo, wakidhani wanafundisha huruma. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwache asikilize kwa heshima. Kusikiliza kwatosha.

La nne, linganisha hadithi na habari nyingine. Mzee akihadithia, huenda akasahau tarehe au akachanganya miaka. Hilo si uwongo, ni uzee. Kwa hiyo wataalamu huyapima masimulizi pamoja na barua, amri za serikali, orodha za magari ya moshi, picha, na maneno ya mashahidi wengine. Habari za Maangamizi Makuu zimethibitika kwa njia zote hizo, na hata kwa maandiko ya wauaji wenyewe. Nawaambia haya kwa sababu wako watu wanaosema kwamba mambo haya hayakutokea. Mtu akikwambia hivyo, usimpigie kelele. Mwonyeshe.

Haraka ya somo hili yatoka hapo. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka wa 1942 alizaliwa mwaka wa 1927. Pigeni hesabu wenyewe. Mashahidi waliobaki ni wachache, na kila mwaka hupungua. Mwaka wa 2005 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 27 Januari kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa, kwa kuwa tarehe hiyo, mwaka wa 1945, kambi ya Auschwitz ilikombolewa. Lakini siku moja kwa mwaka haitoshi. Shahidi akifa, asiyemsikia hamsikii tena.

Labda mmoja wenu anauliza moyoni, “Mambo ya Ulaya yanatuhusu nini?” Yanatuhusu. Majirani zetu wa Rwanda waliuawa mwaka wa 1994, na huko pia ubaya ulianza kwa maneno, magazetini na katika redio, chombo hiki hiki mnachokisikiliza sasa. Mjini Kigali, mahali paitwapo Gisozi, pana kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka wa 2004, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ndani yake mna vyumba vinavyoeleza Maangamizi Makuu ya Wayahudi pamoja na maangamizi mengine ya dunia. Watu wa Rwanda hawakusema, “Haya yetu, yale yenu.” Wameyaweka chini ya paa moja.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa chukueni kalamu zenu. Wiki hii kila mmoja amwendee mtu mmoja mzima kuliko yeye katika jamaa yake. Akiwa hana, jirani. Mwombe akuhadithie jambo moja aliloliona kwa macho yake. Usimkatize. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikataa kusema, mshukuru, uende zako. Wako watu ambao jeraha lao halijapona, na si haki kulitonesha kwa ajili ya somo.

Kisha litie jambo lile katika kitu. Mwenye kujua kuchora, achore. Mwenye kudarizi kofia, adarizi. Mwenye kusuka ukili, asuke. Fundi seremala anao ubao na patasi. Na chini yake kila mtu aandike maneno mawili matatu, jina la mzee na mwaka, hata kama herufi zitakwenda upande. Wiki ijayo mleteni darasani, mweleze wenzenu.

Na wewe bibi yangu uliyenisemesha siku ile, kama unanisikia, nilikuona mkeka wako ulioukalia. Mkono uliousuka mkeka ule haukutetemeka. Anza na nyumba uliyozaliwa.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini Bibi Esther alianza na picha ya nyumbani kwao, wala si picha ya askari?
2. Kwa nini Bibi Friedl aliwataka watoto waandike majina yao?
3. Ubaya wa serikali ya Nazi ulianza kwa vitendo gani vidogo? Nani angeweza kuuziba ufa ule, na kwa njia gani?
4. Hadithi ya mzee mmoja yatofautianaje na hati ya serikali? Kila moja ina faida gani?
5. Katika jamaa yako, ni nani anayejua habari ambazo hakuna mwingine azijuaye?

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Swali la tano msilijibu kwa haraka, lakini kwa huyo mtu nendeni kwa haraka.